Lalamiko Kuhusu Mita Thelathini na Tatu za Ujazo Sebuleni kwa Mama

Kwa Kaka Mkubwa,
Mpakiaji wa Makontena,
Huko huko uliko.

YAH: KUSITISHA KONTENA LA PILI, NA KUKUOMBA WEWE BINAFSI USIJE

Kaka mheshimiwa,

Kwanza shikamoo. Hiyo ni haki yako kwa kuzaliwa kabla yangu, nami sitaki isemwe nimekunyima.

Baada ya shikamoo, adabu inataka nikuulize hali. Sitakuuliza. Hali yako tuliiona ikishushwa getini na makuli, kitu kimoja kimoja, huku wapita njia wakisimama kuitolea macho. Mtu mwenye makochi saba na friji mbili hawezi kuwa anaumwa. Sisi huku ni wazima, ila tumebanana kidogo, na huko kubanana ndiko kulikonishikisha kalamu.

Naandika kama mdogo wako wa kufuatia, na pia kama mtunza ghala, maana nataka ujue kwamba unayebishana naye si mtu wa kukisia. Mita ya ujazo naijua, nalala nayo na kuamka nayo. Nikitazama gunia najua litakaa wapi kabla halijashuka mgongoni mwa mtu. Kwa hiyo usinijibu, kama ulivyozoea, kwamba mambo ya ujazo niwaachie wenye kujua.

Barua yako mpya tumeipata, ile unayotuarifu kwamba unatuandalia kontena jingine, la futi arobaini safari hii, na kwamba wewe mwenyewe utakuja "likishafika salama". Mama nilimsomea mara mbili. Mara ya pili aliniomba niruke hayo ya kontena, nikajikuta nimebaki na mstari mmoja wa kusoma. Kabla hujaanza kulijaza hilo la pili, naomba kwa heshima zote uyapokee malalamiko yafuatayo. Nimeyatia namba ili usiyaruke.

1. Vitu vyako vyote vilienea.

Hilo ndilo lalamiko la kwanza na ndilo lililoyazaa mengine. Utakumbuka kwamba kabla kontena halijafika nilikupigia simu kukuuliza mzigo utakaa wapi, kwa kuwa kontena lenyewe ni mali ya kampuni na lilitakiwa lirudi siku hiyo hiyo. Hukuniuliza nyumba ina watu wangapi. Ulitaka vipimo vya sebule. Nikakupa: urefu mita nne, upana mita tatu na nusu, kwenda juu mita mbili na sentimita sitini. Hata pumzi hukuvuta. Ukasema sebule ina mita za ujazo thelathini na sita na ushee, kontena lina thelathini na tatu, kwa hiyo mzigo utaingia wote na mita tatu zitabaki. Kisha ukacheka kama mwanafunzi aliyekabidhi mtihani kabla ya wenzake.

Hesabu hiyo, Kaka, haina kosa hata moja. Niliirudia kwa mkono wangu ikatoka vile vile, na hapo ndipo tulipoponzeka. Nilisimama mlangoni na mchoro wa kupangia mzigo ulionitumia, nikawaamrisha makuli kama niko ghalani: kabati lishike ukuta, makochi yapandane miguu juu, magodoro yaingie kwa ubavu, mapipa ya nguo yazibe mapengo. Yale makochi yetu ya zamani tuliyatoa barazani. Tukapanga mpaka dari. Makuli walirudi nyuma wakatazama, na mkubwa wao akanipa mkono, kwa kuwa kazi ile hata yeye hakuwahi kuiona. Nilijisikia fahari, sikufichi. Fahari hiyo ilidumu mpaka mke wangu alipouliza, kwa upole kabisa, tutakaa wapi. Nikautazama mchoro. Mchoro haukuwa na watu.

Umekaa na masanduku muda mrefu, Kaka, mpaka unadhani sebule ni kontena lililotiwa mapazia. Ghalani kwangu mzigo haukai kitako, hauli, na hauulizi rimoti iko wapi. Sebuleni kuna viumbe ambao wanatumia sehemu ya chini tu ya chumba, na hiyo ya juu wanaiachia hewa na nzi. Mtu haishi darini. Hili hukufundishwa huko, na mimi nililisahau kwa sababu nilitaka, mara moja tu katika maisha yangu, tukubaliane jambo.

Zile mita tatu zilizobaki zipo, usidhani zimeibwa. Zimekuwa njia, upana wake nusu mita, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa chumba cha Mama. Mama huipita kwa ubavu, mkono mmoja ukishika kochi lako na mwingine ukishika friji yako. Mjomba, ambaye tumbo lake unalifahamu, hupumua nje, hubana pumzi, na hupumua tena akitokea upande wa pili.

2. Kanuni yako ya kuziba pengo.

Ulituandikia zamani kwamba kazini kwenu kuna msemo: pengo ni hasara. Tuliusoma tukadhani ni hekima. Sasa tumeuona kwa macho. Ndani ya friji mlikuwa na viatu, ndani ya viatu mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi mlikuwa na vijiko. Ndani ya birika ulitia taulo. Ndani ya taulo ulitia birika jingine, dogo zaidi, na ndani ya hilo nimekuta balbu. Sijathubutu kuifungua balbu.

Matokeo yake ni kwamba mke wangu akitaka kijiko cha kukorogea uji wa watoto, lazima meza ya watu kumi na wawili ishushwe, magodoro yavutwe, friji igeuzwe, kiatu kitolewe, soksi ivuliwe. Mpaka hapo uji umekwisha kupoa na watoto wamekwisha kwenda shule. Tulipokipata kijiko kimoja hatimaye, chai ilibeba harufu ambayo shemeji yako amenikataza kuitaja kwenye barua.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, na wewe umeishi kwa neno hilo. Hawakusema kibaba kikishajaa mtu akiweke wapi.

3. Hodhi la kuogea.

Hili jeupe, refu, lenye miguu ya simba. Nimelipima. Likijaa mpaka ukingoni linachukua lita mia mbili. Ndoo yetu ni ya lita ishirini. Mama huoga ndoo moja na hubakiza ya kuoshea miguu. Ili aoge kama ulivyokusudia anahitaji ndoo kumi, na bomba letu, lile lile ulilokuwa ukiligombeza ulipokuwa kijana, bado linatoa maji kama mtu anayelia kwa kujilazimisha. Ndoo ya kumi ikijaa, maji ya ndoo ya kwanza yatakuwa yameota utando. Na tuseme tumefaulu, na Mama ameingia. Nani atamtoa? Magoti yake si yale uliyoyaacha.

Tulilitoa hodhi barazani siku tulipokuwa tunatafuta vijiko, na tulipotaka kulirudisha tukakuta mzigo umeshuka na pengo limejifunga. Sasa Mjomba analala humo. Alikuja kutazama vitu siku ile ile vilipofika, maana Mjomba husikia habari ya kitu kipya kabla hakijafungwa kamba, na hajaondoka. Amelitandika kwa yale makoti yako ya baridi, ambayo kwa joto la huku hayana kazi nyingine. Anasema hajawahi kulala vizuri hivyo. Nilipomkumbusha kwamba ana nyumba yake na mke wake, alijibu kwamba nyumba yake haina hodhi.

4. Mashine ya kukimbilia mahali pamoja.

Mama aliuliza mtu akipanda anafika wapi. Nikamweleza kwamba hafiki popote, anakimbia pale pale mpaka achoke. Kisha akasema kwamba kama mwanawe amekuwa akikimbia juu ya kitu hiki kila asubuhi miaka yote hii, basi angekuwa amekwisha kufika nyumbani.

Sina la kuongeza kwenye namba hii.

5. Ukimya.

Debe tupu haliachi kuvuma, wote tunajua. Lakini nyumba iliyojaa ina ugonjwa wake. Makochi na magodoro yako yanameza sauti. Zamani Mama akikohoa chumbani kwake sisi sote tulimsikia, na mmoja wetu alinyanyuka na kikombe cha maji bila kuulizana. Siku hizi anaita mara tatu, mara nne, na sauti inakufa kwenye sponji kabla haijatufikia. Juzi aliita mpaka akakata tamaa, akaja mwenyewe kwa ubavu, akanikuta nimekaa barazani nasoma mchoro wa kontena lako la pili, uliokuja na barua. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Hapo nilikasirika, Kaka, na hasira hiyo niliitafutia mtu wa kumpa. Nikakupata wewe, uliye mbali na usiyeweza kunijibu.

Kuna methali nyingine umeiharibu. Tulifunzwa kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Wewe hupo, na lako limefika darini.

6. Hewa.

Naomba hapa unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuvunjia heshima moyoni. Ni wewe uliyetuandikia kwamba mpakiaji hodari hasafirishi hewa. Maneno yako. Basi tulipofungua milango ya kontena tulikuta, katikati ya kabati na friji, mifuko mikubwa ya karatasi ngumu iliyovimba kama matumbo. Makuli wakatuelimisha: hiyo ni mifuko ya hewa, inapulizwa na kubanwa kwenye nafasi ili mzigo usiyumbe baharini. Yaani nafasi ambayo ulishindwa kuijaza kwa viatu na vijiko uliijaza kwa hewa, ukaifunga, ukaipakia melini, ikavuka bahari, ikapita forodhani, ikaletwa kwa lori mpaka kwenye geti la watu ambao hewa wanayo ya kutosha.

Nilikuwa naipasua mmoja mmoja. Watoto walifurahia mlio. Kisha Mama akaniuliza nani aliipuliza.

Kila mtu pale alijua ni mashine. Nilijua mimi, walijua makuli, na nadhani hata Mama alijua, maana si mtoto. Lakini aliniuliza akiwa ameshika mfuko wa mwisho kwa mikono miwili, nami nikasema sijui. Akasema, "Basi ni mwanangu." Akaondoka nao.

Uko kando ya kitanda chake mpaka leo. Mifuko hiyo, kama unavyojua kuliko mimi, haishiki hewa milele. Unanywea. Kila asubuhi Mama huupima kwa kiganja, hubonyeza kidogo, kisha huendelea na shughuli zake. Nilileta pampu ya baiskeli niujaze. Akanizuia. Alisema hewa ya pampu ni ya pampu.

Sasa niambie wewe, mtaalamu wa mapengo, mfuko huo nikajazie nini. Nimepiga hesabu, na ujazo wake ni mdogo sana, pungufu ya robo mita. Sijawahi kushindwa na chombo kidogo namna hiyo.

7. Siku yenyewe ya kushusha mzigo.

Namba hii sikutaka kuiandika, lakini malalamiko yasiyokamilika ni umbeya.

Ulikuwa umetuahidi kwamba kontena likifika na wewe utafika. Tulikwenda nalo hilo miezi mingi. Mama alishona shuka. Kisha siku mbili kabla ya lori kuja ulituma ujumbe kwamba kazi zimekubana, mzigo utangulie. Mimi nilimwambia Mama. Nilimwambia waziwazi, akaitikia, akasema amesikia.

Hata hivyo siku ile alikaa kwenye kiti getini kuanzia kitu cha kwanza. Kila kitu kilichotoka alikitazama, akatikisa kichwa, akasubiri kinachofuata. Makuli walipomaliza na kuanza kufunga milango, alinyanyuka akawaomba wangoje. Akapanda ndani. Akatembea mpaka mwisho wa kontena, mahali penye giza, akagusa ukuta wa nyuma kwa mkono, akarudi. Dereva alimsaidia kushuka. Hakulia. Aliniambia tu, "Kweli limejaa vitu," na akaingia ndani kutafuta mahali pa kukaa, asipapate.

Mita za ujazo thelathini na tatu, Kaka. Ulipata nafasi ya birika ndani ya birika.

Baada ya kuyaeleza hayo, naomba sasa uniruhusu kukuonyesha kwa hesabu kwa nini kontena la pili haliwezekani, na kwa nini wewe mwenyewe, kwa masikitiko, huwezekani.

Kontena la futi arobaini lina mita za ujazo sitini na saba. Sebule imeshajaa, kwa hiyo tunabaki na vyumba vya kulala. Cha Mama na changu ni mita ishirini na tatu na ushee kila kimoja, cha watoto kumi na tisa na nusu. Jumla sitini na sita na ushee. Utaona mwenyewe jinsi vinavyokaribiana, na najua moyo wako umeruka kwa furaha. Kinachozidi hakifiki hata mita moja, tutakitia jikoni juu ya jiko. Limebaki swali dogo la sisi wenyewe.

Hilo nalo nimelitafutia jibu kwa kanuni zako. Mwili wa mtu mzima ni kama lita sabini, mtoto nusu yake. Mama, mimi, mke wangu na watoto wawili hatufiki hata theluthi moja ya mita ya ujazo. Tunaenea wote ndani ya friji yako moja, tukipangwa vizuri, na nafasi ya viatu inabaki. Mjomba aende na hodhi lake. Tukikubali kuishi hivyo, nyumba itakuwa imetumika kikamilifu, bila pengo, na utaweza kutuonyesha kwa wenzako kama mfano.

Sasa tukija kwako. Kwa picha uliyotutumia umenenepa, hongera, kwa hiyo nakukadiria lita tisini. Ni kidogo. Ndoo nne na nusu tu za maji. Ungedhani mtu wa lita tisini hakosi pa kukaa kwenye nyumba yoyote. Lakini mimi nimepima, na nimegundua kwamba mtu anayerudi nyumbani hapimwi kama mafuta ya taa. Anahitaji kiti, na mbele ya kiti nafasi ya kunyoosha miguu. Anahitaji upande mmoja wa kukaa Mama, na si kubanana, maana Mama atataka kumtazama kwa mbali kidogo kwanza, kisha kwa karibu. Watoto wangu, wanaokuita Baba Mkubwa wa Picha, watahitaji mahali pa kujificha wamchungulie, na mahali pa kutokea aibu ikiwaisha. Majirani watakuja na lazima wasimame. Mjomba atasimulia, na Mjomba akisimulia hutumia mikono yote miwili. Mimi nitahitaji ukuta wa kuegemea nikijifanya sina habari. Juu ya vichwa vyote hivyo lazima kuwe na hewa ya kuchekea.

Nimezidisha, nimejumlisha, nimepunguza pale ninapoweza kupunguza. Wewe mmoja unahitaji mita za ujazo ishirini na tano, kwa uchache. Tuna tatu, nazo ni njia.

Kwa sababu hizo naomba rasmi:

Kwanza, kontena la pili lisijazwe. Kama limeshaanza kujazwa, litolewe vitu, na mtu wa kuvitoa awe wewe, peke yako, bila makuli.

Pili, usitume kingine chochote kwa njia yoyote, iwe bahasha, iwe salamu ndani ya sanduku.

Tatu, usije. Mgeni njoo mwenyeji apone ni neno la mwenyeji mwenye pa kumlaza mgeni. Ukija leo tutakupokea getini, tutakuombea dua, na utarudi. Sitaki Mama akuone umesimama nje ya nyumba uliyoijaza wewe. Bora akusubiri. Kusubiri ameshakuzoea, na hakuchukui nafasi.

Natumaini utaupokea ukali huu kama unavyopokewa ukali wa ndugu, yaani kwa kununa kisha kujibu. Wasalimie wote huko kazini, wapimaji, wapangaji na waendesha winchi, na yule rafiki yako uliyesema ndiye aliyekufundisha kukunja soksi. Shemeji yako anakusalimu, na anauliza kama mlitia vijiko vingine mahali pengine. Watoto wanakusalimu. Mjomba anakusalimu kutoka alipolala. Mama nitamsomea barua hii kabla sijaifunga, na salamu zake nitaziandika chini.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mtunza Ghala.

Nyongeza:

Nilimsomea Mama kama nilivyoahidi. Alisikiliza namba zote amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Nilipofika ombi la tatu alinyoosha mkono nikanyamaza. Akanyanyuka, akapita ile njia, akatoka. Nikadhani amekwenda kupunga upepo.

Alikwenda kugonga milango. Alirudi na fundi cherehani, kinyozi wa pale kona, mwalimu mstaafu, mama muuza mkaa na wanawe, na watu wengine ambao mimi nawajua kwa sura tu. Akasimama kizingitini akawa anawagawia. Kochi huyu, godoro yule, friji kwa mama muuza mkaa, meza wakaibeba watu wanane mpaka shuleni. Niliwataka wasimame niandikishe kinachotoka, maana mzigo hautoki ghalani bila saini. Hakuna aliyenisikiliza. Nilimwambia Mama kwamba vitu hivyo ni vya Kaka na lazima aulizwe. Alinijibu kwamba aliyevileta angekuwepo angeulizwa. Mchana haujafika, chumba kilikuwa kitupu, na Mama alikuwa anafagia mwenyewe, kafunga khanga kiunoni, hataki msaada.

Kisha aliniita nipime. Mimi, Kaka, nilipima. Nilianza na ukuta wa dirishani, nikaenda wa mlangoni, nikapima na kwenda juu, ingawa vipimo vyote ninavyo kichwani na sebule haijakua. Alitaka kuniona nikipima. Nilipomaliza akaniuliza, "Ile hesabu ya nafasi ya kaka yako ilikuwa mita ngapi?" Nikamwambia ishirini na tano. Akauliza sasa tunazo ngapi. Nikamwambia thelathini na sita na ushee.

Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akaniambia niandike maneno yafuatayo na nisiongeze yangu: "Nafasi ipo. Hata inabaki. Njoo."

Kwa hiyo ombi la tatu nimelifuta. Na malalamiko yote niliyoyatia namba, yahesabu kama hujayasoma, isipokuwa hilo la saba. La saba lisome tena.

Usibebe kitu, Kaka. Ukija na begi linalozidi mkono mmoja nitakuzuia mlangoni mimi mwenyewe.